Muchele wa Mwisho wa Maman Espe

Jumapili. Mvua inanyesha toka asubuhi na haionyeshi nia ya kukata. Toka hapa kwangu Cimpunda, juu ya muji wa Bukavu, ziwa halionekani, kuko ukungu tu, na matope ya njia iko inashuka yenyewe kuelekea Kadutu kama ina haraka kutupita. Sikuenda misa. Nimekaa na telefone mukononi, koti juu ya mabega, chai imepoa pembeni yangu.

Shajara yangu, leo sina nguvu ya kujisifu.

Wale munaonisomaka hapa munanijua. Ni Nabintu, mutoto wa dada yangu, ndiye alinifungulia huu ukurasa. Aliniambia mimi mujomba wake, "Tonton, maneno yako imejaza nyumba. Uiweke ku internet, na watu wengine wachoke." Ndipo nikawaandikia namna nilivyomushika mamba kwa mukia mu muto Ruzizi, na namna ministre mumoja alishuka mu gari kuniuliza njia, nikamupa njia na shauri juu yake. Yote ilikuwa kweli, labda tutoe mamba. Shule niliachia mu pili ya segondere, lakini kinywa changu kilimaliza universite.

Ya jana sitaongeza kitu. Haihitaji.

Dada yangu mudogo, Maman Espe, alikuwa anauza muchele wa Sange. Depo yake iko pale sokoni Kadutu, ile yenye mulango wa bluu. Sange iko kule chini, mu bonde la Ruzizi, ndiko muchele unalimwa. Yeye hakuwa anamutuma mutu. Alikuwa anashuka mwenyewe, anavunja punje chini ya jino, anachagua, anashona midomo ya magunia kwa mukono wake, kisha anapanda juu ya kamyo na kurudia Bukavu na vumbi mpaka mu kope. Uzi wake ulikuwa wa bluu kama mulango wake, na fundo lake hakuna aliyejua kulifunga. Gunia likifika na uzi mungine, alijua njiani kuko mutu amefungua.

Safari ya mwisho alitanguliza magunia, yeye akabaki nyuma kungojea mavuno ya mutu fulani. Vita ikafunga barabara. Akangoja. Akagonjwa kule, malaria ao kitu kingine, hakuna aliyetueleza sawasawa. Waliomupokea ndio walimuzika. Sisi tulipata habari kwa telefone, sauti inakatika-katika, mpaka nikamwambia yule mutu arudilie, na aliporudilia nikatamani asingerudilia.

Siku zile za vita, hapa Bukavu kila mutu alikuwa na mulango wake umefungwa. Hatukuweka kilio, hatukukalia matanga. Dada yangu, aliyepika ku vilio vya watu wote wa huu mutaa, hakupata hata kiti kimoja cha plastiki mbele ya nyumba yake.

Na mimi ndiye prezida wa komite ya vilio ya Cimpunda. Mutu akikata roho hapa, wananiita mimi mbele ya kumuita padri. Bashe ya kuzuia mvua, viti, sono ya kukuza sauti, kuni, sufuria kubwa, komunike ya radio, na hasa ile saa ya kusimama na kueleza historia ya marehemu, yote ni kazi yangu. Mu historia ndipo ninapotisha. Muuza mandazi nimemugeuza mulinzi wa taifa. Muzee mumoja aliyekuwa mulevi tu, nilieleza maisha yake mpaka mujane akaniuliza pembeni, "Tonton, unaongea juu ya bwana yangu ao ya mutu mwingine?" Dada yangu akikuwako, alikuwa ananivuta koti kutoka nyuma: "Yaya, punguza."

Ndiyo ilikuwa neno lake kwangu mimi yaya, kaka yake mukubwa, toka utoto. Yaya, punguza.

Nabintu alisoma mambo ya biashara, anatembea na komputa mu mufuko. Baada ya Maman Espe, mama yake, alichukua ufunguo wa depo. Toka ile telefone sikumuona analia. Hata tone. Alifagia depo, akapanga yale magunia ya mwisho ukutani, akaendelea. Lakini wenye kamyo walisema hata njia ikifunguka hawatahatarisha tena gari juu ya mutu mumoja na mizigo yake kidogo, na wauzaji nao kila mumoja alikuwa anahangaika peke yake. Mama yake alikuwa amesema siku nyingi: tuwakusanye wote mu chumba kimoja, wauzaji na wenye kamyo, wakubaliane kupakiza pamoja. Nabintu akaamua kuifanya. Konferansi, ndivyo alivyoiita. Konferansi ya wafanyabiashara wa muchele, ya kwanza mu muji wetu.

Aliniambia bila kuniangalia, anaangalia magunia. "Wakikubali, depo ya mama itaishi. Wakikataa, nafunga mulango, nafuata rafiki yangu Kampala. Tonton, unajuaka kupanga konferansi?"

"Mimi? Uliza Kigali."

Kigali nilifika kweli. Kungolesha jino.

Usiku ule nilijiuliza konferansi ni kitu gani. Watu wanakuja, wanakaa, mumoja anaongea, wengine wanaitika kichwa, wanakula, wanarudia kwao. Nikajiambia: ni kilio bila maiti. Hii naiweza kwa macho imefungwa.

Sasa ninaona nilikuwa nimesema nini.

Nabintu alipata ukumbi wa parokia, akaandika mialiko, akanunua biskuti na sukre za kunywa kwa watu aliowaalika. Mimi akaniachia viti, sono na radio. Kwa viti nilimuita Papa Mugisho anayevikodisha, tunafanya kazi pamoja toka zamani. Hakuniuliza kitu. Nikisema "siku ya posho, parokia", yaani jumamosi, inamutosha. Akapakiza alivyozoea: viti, bashe, sufuria, mpaka na ile miti ya kusimamisha bashe. Nikaona ni vizuri, mvua ya siku hizi haina heshima.

Kwa radio ndiko nilitumia akili yangu yote. Nilifikiri: saa gani muji muzima unasikiliza? Kwa habari watu wanaongea. Kwa muziki wanaosha vyombo. Lakini saa ya komunike za vifo, hata mutoto anapigwa anyamaze, kila mutu anataka kujua nani ametutoka. Basi nikaomba tangazo letu lisomwe saa ile. Yule bwana wa radio ananijua, karatasi zangu amezisoma mara nyingi. Na mimi nikaandika namna ninavyojua kuandika: familia inawajulisha ndugu, marafiki na wajuwani wote wa Kadutu, Cimpunda, Bagira mpaka Kasha. Jina la dada yangu nililiweka mbele, marehemu Maman Espe, kwa sababu wazo lilikuwa lake, nikataka aheshimiwe. Neno konferansi lilikuwa chini kidogo.

Alilisoma na ile sauti yake ya huzuni, na nyuma yake ule wimbo wa polepole. Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Nikasema, ah, tangazo limesomwa na uzito.

Shajara, mutu wa hapa akisikia jina na ule wimbo, hangoji neno lingine. Anatafuta kikwembe cha kujifunga ku kilio.

Jana asubuhi Nabintu alifika ukumbini na vesti nyeusi ya watu wa ofisi na viatu virefu. Aliwasha ile mashine ya kuonyesha picha ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama yake, anacheka, mukono juu ya gunia, na chini yake maandishi: Tusafirishe pamoja. Mutoto alikuwa muzuri. Akapanga karatasi za makubaliano juu ya meza.

Wa kwanza kufika walikuwa wamama wa Kasha. Walikuja kwa miguu, vikwembe vimefungwa kiunoni, mumoja na beseni ya maharagi kichwani, mwingine na kuni. Nikawaza, hawa wauzaji wa Kasha ni watu wa adabu, wanakuja na vitu vyao. Walipofika ku mulango, yule wa mbele akaona ile picha. Akatua beseni chini, akaweka mikono kichwani.

"Maman Espeee! Ulituachia nani? Maman Espe weee!"

Nabintu akanigeukia. "Tonton, hawa ni nani?"

"Ni wajumbe wa Kasha."

"Tonton. Wanalia."

Nikachungulia inje.

Nyuma yao kulikuwa wengine. Na wengine. Watu wa Cimpunda walishuka mutaa muzima. Wauzaji wa muchele, wale wa mialiko, walifika wamevaa vizuri, wakasikia kilio, wakafungua vilemba vyao na kuingia wanalia. Wanaume walikaa inje chini ya bashe ya Papa Mugisho, kofia juu ya magoti. Wamama walikuwa wanapita mbele ya ukuta mumoja-mumoja, wanaigusa ile picha, na mwangaza wa mashine unawaangukia, unaona sura ya dada yangu inacheka juu ya migongo yao. Kisha umeme ukakatika. Ukuta ukabaki mweupe. Kile kilio kilichopanda pale, sijakisikia mu maisha yangu, na mimi nimesikia vingi.

Nabintu alinivuta nyuma ya mulango. Hakupiga kelele. Ingekuwa afazali.

"Ulifanya nini, Tonton?"

Nikamweleza saa ya radio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia viatu vyake, akasema tu, "Papa Cirhuza yuko njiani."

Papa Cirhuza ndiye mwenye kamyo nyingi. Bila yeye kamyo hazishuki Sange. Konferansi yote ilipangwa juu ya masikio yake. Alifika na jeep, kravati nyekundu, akasimama ku mulango wa ukumbi, akasikiliza. Nilimukimbilia. Nikamwambia asijali, programu iko karibu kuanza, kuko kuchelewa kidogo kwa ajili ya mambo ya kiteknike.

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Prezida, umelewa? Mutu anazungumzaka kamyo mbele ya kumulilia maiti?" Akafungua kravati, akaikunja, akaiweka mufukoni, akaenda kukaa na wanaume wengine.

Nikajua imekwisha. Mutoto alikuwa na nafasi moja tu, na mimi nilikuwa nimeiwekea bashe juu.

Kisha wakaniita, wamezoea kuniita. "Prezida! Historia ya marehemu!" Nikasimama. Watu wakanigeukia, wengine tayari na macho ya kutaka kusikia ajabu, kwa sababu walijua kwa dada yangu mwenyewe nitafika mpaka mbinguni. Na mimi nilikuwa nimeandaa. Mu kichwa kulikuwa tayari hadithi ambamo Maman Espe anavuka Ruzizi na gunia mukononi huku maji yamefurika.

Nikafungua kinywa. Koti yangu haikuvutwa na mutu.

Nikapunguza.

Nilisema alikuwa anaonja muchele chini ya jino. Nilisema alikuwa anajaza kipimo mpaka punje zinamwagika, na zile zilizomwagika alikuwa anazisukuma upande wa mununuzi. Alikuwa anacheka mbele ya kumaliza kichekesho chake, hivi hatukujuaka mwisho wa hata kimoja. Hakupenda sukari mu chai. Mimi ni mukubwa wake, na ni yeye alikuwa ananitunza. Alikufa mbali na sisi, na hatujui kaburi lake liko chini ya muti ao mu jua.

Nikakaa. Ilikuwa historia fupi kuliko zote nilizosema. Hakuna aliyepiga mikono, hakuna aliyesema "Tonton, leo ulituua." Papa Mugisho aliyekuwa nyuma na viti vyake alikuwa anajipangusa na kofia.

Nabintu alisimama pembeni yangu, macho makavu. "Hawa watu watakula nini?"

Kwetu mutu hatokake ku kilio tumbo tupu. Ni haya ya familia mpaka wajukuu. Na sisi tulikuwa na biskuti, na maharagi ya Kasha. Nabintu aliangalia wale watu wote chini ya bashe. Kisha akatoa ufunguo wa depo mu mufuko wa vesti, akashuka sokoni na vile viatu virefu mu matope. Nilimufuata. Wamama wabebaji wakabeba yale magunia ya mwisho migongoni mpaka parokia, na depo ikabaki na mifagio.

Sufuria zilikuwa zinachemka tayari. Mama mumoja akaleta kisu cha kukata uzi. Nabintu akamukatalia. Alipiga magoti kwenye gunia la kwanza, akaanza kufungua lile fundo la bluu kwa kucha. Hakuna aliyekuwa analijua lile fundo, hata yeye. Alilizungusha, akalivuta huku, akalivuta kule. Lilipoachia, alivuta uzi wote polepole, akauzungushia kidoleni, na alipofika mwisho wake akaweka paji la uso juu ya muchele.

Hapo ndipo alilia. Kama mutoto anayeamshwa. Alimuita mama yake kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ile tunayomuzomea kwamba haijui.

Sikumugusa. Wamama walimuzunguka mpaka sikumuona tena.

Watu walikula. Nani atasahau, tulikula dada yangu na mikono yake yote, vumbi la njia na kila punje aliyoichagua. Muchele wa Sange unanukia, munajua. Ukumbi wote ulinukia. Wengine walikula huku wanalia, na hiyo si aibu kwetu.

Mwisho wa kilio kuko swali moja, na anayeliuliza kila mara ni mimi: nani anabaki mu nafasi yake? Jana ilinishinda. Maman Zawadi, mukubwa wa wauzaji wa muchele, ndiye alisimama na kuuliza.

Nabintu alijibu kutoka pale alipokaa chini. "Nafasi gani, Maman? Depo iko tupu. Ndiyo hii tumemaliza kula."

Hakusema kwa hasira. Sahani za plastiki zilikuwa mikononi mwa watu na hawakujua wazitue wapi. Na zile karatasi zake, zile alizoziandika kwa majuma, zilikuwa juu ya meza, hakuna aliyezifungua.

Papa Cirhuza alikuwa ananawa mikono. Alijikausha kwa ile kravati. "Kaburi lake munalijua?"

Nikamujibu kwamba hapana.

"Siku njia itafunguka, kamyo yangu ya kwanza itawapeleka. Wewe na huyu mutoto, mutakaa mbele na shofere." Akatembea mpaka ku jeep, akasimama, akageuka kwa wauzaji. "Na mimi kamyo yangu haipandake tupu kutoka Sange. Muongee wenyewe kwa wenyewe mutaijaza namna gani."

Akaenda. Maman Zawadi aliangalia wenzake. Wengine waliitika kichwa, wengine waliangalia chini. Hakuna aliyetia saini kitu, hakuna picha ya pamoja. Nabintu alikuwa anazungusha ule uzi kidoleni.

Ndiyo konferansi yangu ya kwanza.

Njia haijafunguka. Ni mwaka huu ao mwaka ujao, nani anajua? Leo depo imefungwa, na kama atafungua siku ya kazi, atafungua juu ya nini? Nikiangalia sana, nilimuchukulia mutoto siku yake, na muchele wa mama yake ukaenda nayo. Nikiangalia upande mwingine, dada yangu amepata viti. Nimejaribu toka asubuhi kuweka hizi mbili pamoja na hazikubali kukaa.

Hapa katikati niliacha kuandika, kwa sababu kuko mutu alipiga hodi.

Ilikuwa Nabintu, amelowa, na sandali za mama yake miguuni. Macho yamevimba. Hakuingia. Alisimama chini ya bati, mvua inamwagika nyuma yake, na ule uzi wa bluu ameufunga ku mukono kama saa.

"Tonton, Sange kunakuwaka joto? Mutu anavaaka nini?"

Munanijua. Ulimi ulikuwa tayari unapanda mulima. Sange? Mimi? Kule wananiita kwa jina, mpaka mbuzi.

Nikasikia koti inavutwa.

"Sijui, mama," nikamujibu. "Sijafikaka."

Akaitika kichwa, akavua zile sandali, akazipangusa matope moja-moja, akaingia kukaa.